Juma Moja la New York

Hapa mjini ukilitaja jina la Hasheem Thabeet kijiweni utapata majibu ya aina mbili. Wa kwanza atakwambia jamaa alikuwa mrefu, basi, hana lingine. Wa pili atakwambia alifika NBA akashindwa. Kisha kahawa inanyweka, kashata inatafunwa, na mada inafungwa. Mimi sikubali ifungwe hivyo. Naomba, ndugu msomaji, tuifungue tena kwa kurudi kwenye juma moja la mwezi Machi 2009, kuanzia Jumanne ya tarehe 10 hadi Jumamosi ya tarehe 14, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York.

Kwanza tuelewane kuhusu mambo ya kule. Vyuo vikuu vya Marekani havichezi ligi moja ya nchi nzima. Vimejigawa katika miungano, na kila muungano una ligi yake, bingwa wake na ugomvi wake wa jadi. Msimu wa ligi ukiisha, muungano huwakusanya watu wake mahali pamoja kwa mashindano ya mtoano. Mechi kila siku. Ukifungwa leo, kesho uko ndani ya basi unarudi chuoni kusoma. Big East ulikuwa mmoja wa miungano hiyo. Uliasisiwa mwaka 1979 na Dave Gavitt, aliyekuwa kocha wa chuo cha Providence, kwa vyuo saba vya kaskazini mashariki: Providence, St. John's, Georgetown, Syracuse, Seton Hall, Boston College na Connecticut. Mwaka huohuo ndipo televisheni ya ESPN ilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ilikuwa na njaa ya vipindi, Gavitt alikuwa na mechi za kuuza. Ilikuwa ndoa ya maslahi, na ikazaa watoto wenye nguvu: mwaka 1985, kati ya timu nne za mwisho za taifa, tatu zilitoka Big East. Nusura niandike ukurasa mzima juu ya Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyeingia Georgetown akiwa na nia ya kusomea udaktari, akaishia kuwa mlinzi wa goli anayetisha kuliko wote wa zama zake. Lakini huyo ana hadithi yake, tumwache apumzike.

Mwaka 2009 muungano ulikuwa umenenepa hadi vyuo 16, na kwa mara ya kwanza vyote 16 viliruhusiwa kuingia kwenye mashindano ya New York. Wengine waliguna. Eti kuna haja gani ya kuwaleta wa mwisho? DePaul, kwa mfano, walikuwa wamecheza mechi 18 za ligi na kufungwa zote 18. Unaona jinsi mtu anavyoweza kudharaulika? Basi Jumanne hiyo DePaul wakaingia uwanjani, wakawachapa Cincinnati 67 kwa 57. Kesho yake wakatolewa na Providence, na hakuna anayewakumbuka. Mimi ndio walionifanya niipende historia ya juma hili. Kama ningekuwa naandika riwaya ningeanza na chumba cha kubadilishia nguo cha DePaul usiku ule wa Jumanne, vijana waliosahau ladha ya ushindi wakijifunza upya namna ya kushangilia.

Sasa turudi kwa Hasheem. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Kikapu alikianza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wana miaka kumi ya mazoezi mwilini. Akamalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akajiunga na chuo kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3, yaani zaidi kidogo ya mita 2.2. Wanaosema ni urefu tu wajibu hili: kwani warefu ni wachache kule? Kwa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alichaguliwa mlinzi bora wa Big East, na 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa muungano mzima na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Msimu huo kwa wastani alipata pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kila mechi, na kuzuia mitupo minne ushee. Takwimu haioneshi mitupo ambayo watu waliogopa hata kuirusha. Ukimwangalia kwenye mikanda utawaona wachezaji wanafika chini ya goli, wanainua macho, wanageuka na mpira wao kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Alhamisi tarehe 12, robo fainali. Connecticut, waliokuwa nafasi ya tatu kwa ubora nchi nzima, dhidi ya Syracuse wa kocha Jim Boeheim. Mpira ulirushwa saa 3:36 usiku kwa saa za New York. Hapa Dar ilikuwa saa 10:36 alfajiri ya Ijumaa, adhana bado.

Dakika 40 za kawaida zilikwisha 71 kwa 71. Lakini hazikwisha kimyakimya. Connecticut walisawazisha ikiwa imebaki sekunde moja na kitu, kwa mpira uliookolewa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Kemba Walker. Syracuse wakaurusha mpira mbele, Eric Devendorf akaudaka mbali kabisa, akafyatua, ukazama! Devendorf akapanda juu ya meza ya waamuzi, akawageukia watu akipiga kifua. Ukumbi ulikuwa na watu 19,375, na wote waliamini mechi imekwisha. Waamuzi wakaenda kutazama marudio kwenye televisheni. Wakakuta taa nyekundu imewaka wakati mpira ungali unagusa ncha za vidole. Kikapu kikafutwa. Jamaa alikuwa ameshashangilia ushindi wake wote, na sasa akatakiwa ashuke mezani akaanze kazi upya.

Kikapu hakina sare. Inaongezwa dakika 5, na zikiisha sawa zinaongezwa nyingine 5, hivyohivyo mpaka mtu aanguke. Nyongeza ya kwanza: 81 kwa 81. Ya pili: 87. Ya tatu Connecticut walikuwa wanaondoka na mechi mpaka Andy Rautins alipopachika mtupo wa pointi tatu, 98 kwa 98. Huyu Rautins baba yake, Leo, naye alichezea Syracuse, na mwaka 1981 ndiye aliyesukumia kikapuni mpira uliowapa fainali ya Big East dhidi ya Villanova baada ya nyongeza tatu. Kuna familia zinarithishana mashamba. Nyongeza ya nne: 104. Ya tano: 110. Katika nyongeza zote tano hizo Syracuse hawakuongoza hata kwa sekunde moja. Kila mara walikuwa nyuma, kila mara wakafika.

Kufikia hapo wachezaji wanane walikuwa wametolewa, au wako njiani kutolewa, kwa faulo tano tano. Makocha walikuwa wanaingiza vijana waliokuja kukaa benchi. Huku kwetu jua lilikuwa limeshachomoza, daladala zimejaa, wanafunzi wako shule. Nyongeza ya sita Rautins akafungua na pointi tatu nyingine, na Syracuse wakaongoza kwa mara ya kwanza tangu dakika za kawaida. Hapo mti ukaanguka. 127 kwa 117. Saa ya New York ilisema 7:22 usiku. Saa tatu na dakika 46 tangu mpira uliporushwa.

Kuna mechi moja tu ya daraja la juu la vyuo iliyowahi kwenda mbali zaidi: Cincinnati na Bradley, Desemba 1981, nyongeza saba. Lakini ile iliisha 75 kwa 73. Wakati ule hapakuwa na saa ya kuilazimisha timu kurusha, hivyo mtu aliweza kukaa na mpira kama anaulea. Mwaka 2009 timu ilikuwa na sekunde 35 tu, urushe au unyang'anywe. Kwa hiyo hawa walikimbia kweli. Pointi 244 jumla.

Jonny Flynn, mpiga pasi wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70. Alipata pointi 34 na kutoa pasi 11 za vikapu. Paul Harris wa Syracuse alikusanya ribaundi 22. Upande wa Connecticut, A.J. Price alifunga 33, na mtoto wa Dar akatoka na pointi 19 na ribaundi 14. Mtu anayesema Hasheem hakuwa mchezaji naomba anioneshe ni usiku gani yeye amefanya chochote kwa muda mrefu hivyo mbele ya watu elfu kumi na tisa.

Na jambo hili vijiweni halisemwi: hakuna hata mmoja kati yao aliyelipwa mshahara. Ada, chumba, chakula, basi. Televisheni ililipa muungano, muungano ukalipa vyuo, vyuo vikawalipa makocha mamilioni. Ruhusa ya vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja imekuja 2025, baada ya kesi ndefu mahakamani. Flynn na wenzake walikuwa wameshazeeka kimichezo.

Ijumaa usiku, chini ya saa 24 baadaye, Syracuse wakarudi uwanjani kucheza na West Virginia, waliokuwa wamewang'oa Pittsburgh. Ukadhani Mungu angewahurumia. Sare tena, nyongeza tena! Wakashinda 74 kwa 69. Jumamosi, fainali, miguu ikakataa. Louisville wa kocha Rick Pitino, ambao njia yao ilikuwa laini kidogo na presha yao ya uwanja mzima ilihitaji mtu mwenye pumzi, wakawafunga 76 kwa 66. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano alipewa Flynn, aliyefungwa. Ni nadra sana kombe liende huku na heshima iende kule.

Connecticut hawakufa. Walifika timu nne bora za taifa, wakatolewa Detroit na Michigan State, 82 kwa 73. Muungano wenyewe ndio uliokufa, au tuseme ulichinjwa. Vyuo vyenye timu za futiboli ya Kimarekani vilifuata fedha: West Virginia waliondoka 2012, Syracuse na Pittsburgh 2013, Louisville 2014. Jina Big East lilibaki na vyuo vya kikapu, na Connecticut wenyewe walirudi 2020 baada ya kutangatanga.

Tarehe 25 Juni 2009 NBA walichagua vijana wao wapya. Wa kwanza Blake Griffin. Wa pili, kwenda Memphis, Hasheem Thabeet. Wa sita, kwenda Minnesota, Jonny Flynn. Wa saba alikuwa Stephen Curry, na kutokana na hapo watu hawaachi kucheka. Memphis walimshusha Hasheem ligi ya chini kabla hata msimu wa kwanza haujaisha, kisha Februari 2011 wakampeleka Houston. Flynn alifanyiwa upasuaji wa nyonga 2010, na kasi ile haikurudi. Naye akaishia Houston. Kwa hiyo wale mahasimu wa nyongeza sita wakajikuta wanavaa jezi moja, wanakaa benchi moja, na tarehe 15 Machi 2012, miaka mitatu na siku tatu tangu usiku ule, Houston waliwauza wote wawili pamoja, mzigo mmoja, kwenda Portland, ili wampate mzee Marcus Camby, aliyekuwa na umri wa miaka 37.