Ilungu la Kando ya Barabara

Wiki iliyopita nilipanda lori lililokuwa likienda Kirando kuchukua dagaa. Kabla hatujafika Namanyere tukapata pancha. Dereva akapiga jeki, nami nikaingia shambani kunyoosha miguu. Kumbe nilikuwa nakwenda kwenye historia.

Katikati ya mahindi lilisimama ilungu, yaani tanuru la udongo la Wafipa la kuyeyushia chuma, refu kupita mtu. Wengi wetu tumeyapita malungu haya tukidhani ni vichuguu, na kwa kweli udongo wake ni wa kichuguu. Chini lina matundu kuzunguka pande zote. Mafundi walijaza makaa na mawe yenye chuma, wakawasha, kisha upepo ukavutwa wenyewe kupitia matundu yale bila mtu kuvukuta. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Majembe ya Ufipa yalitoka humo, mpaka majembe rahisi ya viwanda vya Ulaya yalipoua kazi hiyo katika karne ya 20.

Profesa Bertram Mapunda alikuja Nkasi kuchunguza uhunzi huu, na mwaka 1995 akaukamilishia tasnifu ya udaktari. Sisi wenyeji tulikuwa tunapita tu.

Huko Marekani kuna barabara maarufu iitwayo Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi California. Mwaka 1985 ilifutwa katika orodha ya barabara kuu, lakini watu bado wanaifuata kwa siku nyingi ili kuona vioja vya kandokando. Kimojawapo, huko Amarillo, ni magari 10 aina ya Cadillac yaliyofukiwa pua chini mwaka 1974. Magari mabovu! Na watu wanapiga picha.

Mwenye shamba, mzee mmoja mpole, aliniambia malungu yalikuwa mawili. La pili alilibomoa akafyatulia matofali ya nyumba ya mwanawe. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Udongo ule ni mzuri, na kijana alihitaji pa kulala.

“Mwanangu,” akaniuliza, “hili lililobaki, nikiliacha, yupo atakayenipa hata bei ya matofali?”

Nilikuwa bado natafuta jibu dereva alipopiga honi.