Sufuri Kumi na Nne

Wabadilisha fedha wa Goma hupanga faranga za Kongo katika mabunda yaliyofungwa kwa mipira, wakihesabu upesi kuliko mteja. Lakini nyuma ya faranga hiyo kuna hesabu nzito.

Mwaka 1967 Rais Mobutu alileta sarafu ya zaire, moja kwa faranga 1,000. Oktoba 1993 zaire mpya ikameza 3,000,000 za zamani. Juni 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000.

Zidisha: 300,000,000,000,000.

Faranga moja ya leo, basi, ni trilioni 300 za zile za 1966. Kwa mwanahisabati namba hii ni pole: ukiivunja hubaki namba tasa tatu tu, 2, 3 na 5, na inagawanyika bila baki kwa namba 450 tofauti.

Sokoni haikuwa pole hata kidogo. Wafanyabiashara waliikataa noti ya zaire 5,000,000, na Januari 1993 askari waliolipwa kwayo wakaipora Kinshasa.

Goma leo kodi ya nyumba hutajwa kwa dola, nyanya kwa faranga. Na dola yenyewe, ikichanika ukingoni, muuzaji anairudisha.