Kibodi na Haki ya Kusoma Amri Zake

Hivi karibuni niliunda kibodi kwa mikono yangu, nikiunganisha vitufe, waya, diodi na kidhibiti kidogo kwa kulehemu. Nilipoichomeka kwenye kompyuta, haikutoa hata herufi moja. Kwa siku mbili nililaumu ulehemu wangu. Kumbe kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa fimwea, yaani programu inayokaa ndani ya chombo chenyewe: nilikuwa nimeandika kwamba umeme hutoka safu wima kwenda safu mlalo, ilhali diodi nilizifunga kinyume. Niliusahihisha mstari huo, nikaipakia upya, kibodi ikaandika.

Kuruhusiwa kwangu kuusoma mstari ule kuna historia yake, nayo ni historia ya siasa.

Taipureta ya Sholes, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza nchini Marekani mwaka 1874, haikuwa na siri. Kila kitufe kilisukuma wenzo wa chuma wenye herufi yake. Mpangilio wa herufi uliamuliwa na wengine, lakini mtumiaji aliweza kuona kwa macho yake kinachotendeka.

Kompyuta ilibadili hali hiyo. Ndani ya kibodi ya kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 mlikuwa na kidhibiti cha Intel 8048. Kitufe kilipobonyezwa, kidhibiti kilitambua mahali pake, kikatuma namba. Kompyuta ndiyo iliyoamua namba ile ni herufi gani. Programu yake iliwekwa kiwandani, na mnunuzi hakupewa njia ya kuibadilisha. Amri zilihama kutoka kwenye chuma kinachoonekana, zikaingia kwenye maandishi yaliyofichika.

Karibu na wakati huo, katika maabara moja ya MIT, Richard Stallman alikuwa na tatizo la printa ya Xerox ambayo karatasi zake zilikwama mara kwa mara. Printa iliyotangulia aliwahi kuiongezea programu ya kuwaarifu watumiaji inapokwama. Hii mpya haikuja na msimbo wake. Alimwendea mtaalamu wa chuo kikuu kingine aliyekuwa nao, akakataliwa, kwa kuwa mtaalamu yule alikwisha kuahidi kutoutoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL. Kwa leseni hiyo, anayepokea programu ana haki ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa, mradi anaowagawia nao wapate haki iyo hiyo.

Fimwea niliyoitumia, QMK, inalindwa na leseni hiyo. Yenyewe ilichipuka kutoka fimwea ya awali iitwayo TMK, na walioiendeleza hawakuhitaji kumpigia mtu magoti.

Wapo watakaosema kwamba kibodi za kujiundia ni mchezo wa wenye nafasi. Huenda. Lakini swali ni lile lile chombo kinapokuwa mita ya umeme, mashine ya wodini au kifaa cha kuwatambua wapiga kura. Mtumishi wa umma anayetia saini mkataba wa kukinunua ananunua pia amri asizoziona. Kibodi yangu ilipokosea, niligundua kosa kwa sababu niliweza kusoma. Chombo cha umma kitakapokosea, ni nani kati yetu atakayeruhusiwa kusoma?