Daktari wa mkono mmoja na homa iliyotoka pwani

Mnamo mwaka 1893, ugonjwa wa ndui uliutishia mji mchanga wa Johannesburg, ulioanzishwa miaka saba tu kabla ya hapo kufuatia kugunduliwa dhahabu. Aliyepewa kazi ya kutengeneza chanjo hakuwa tabibu wa binadamu bali daktari wa mifugo, Arnold Theiler, mhamiaji kutoka Uswisi. Chanjo hiyo ilizalishwa katika ngozi za ndama, na ndama alikuwa akiwafahamu vyema.

Theiler alikuwa amewasili mwaka 1891, akakosa wateja mjini Pretoria, akalazimika kuajiriwa katika shamba la Irene. Huko mashine ya kukatia majani ya mifugo ilimkata mkono wa kushoto. Pengine wengine wangefunga mizigo na kurejea kwao. Yeye alibaki, na mwaka 1896, sotoka ilipoteketeza ng'ombe wa kusini mwa Afrika, alikuwa daktari wa mifugo wa serikali ya Transvaal.

Lakini mkasa unaowagusa zaidi wasikilizaji wa Afrika Mashariki ulikuja baada ya vita vya Waingereza na Makaburu. Ili kujaza mazizi yaliyobaki matupu, ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Walionekana wazima, kwani walikuwa wamezoea maradhi ya kwao. Ng'ombe wa kusini hawakuwa na kinga hiyo. Kufikia mwaka 1902 walikuwa wakifa kwa wingi Transvaal, na ugonjwa ukaitwa Homa ya Pwani ya Mashariki. Wafugaji wetu huuita ndigana kali.

Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni la Cape, alionyesha kwamba mwenezaji ni kupe wa kahawia anayejificha masikioni. Theiler alithibitisha, akaeleza pia vijidudu vyenyewe, ambavyo leo vinaitwa Theileria parva. Kupe mchanga hunyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, hudondoka majanini, hujivua gamba, kisha humwambukiza ng'ombe mwingine. Kwa hiyo malisho yaliweza kubaki hatari kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Dawa haikuwapo. Zikabaki nyua, karantini na majosho, na gharama yake haikugawanywa kwa haki. Waafrika walizuiwa kuhamisha ng'ombe ambao ndio waliokuwa akiba, mahari na nguvu ya kulimia, huku wakitozwa kodi ya josho. Mwaka 1914, baadhi ya wakazi wa East Griqualand waliyavunja majosho hayo.

Theiler, aliyeanzisha maabara ya Onderstepoort mwaka 1908, alifariki dunia London mwaka 1936, kabla Afrika Kusini haijaumaliza ugonjwa huo katika miaka ya 1950. Kenya, Uganda na Tanzania, ndigana kali bado inaua ndama.