Nani Anavuta Hewa? Historia fupi ya kofia yenye feni

Pita karakana yoyote ya mageti mjini. Fundi anayechomelea atakuwa na miwani myeusi machoni, lakini pua iko wazi kabisa. Ana sababu yake. Macho yakichomwa na ule mwanga yanauma usiku huohuo, hivyo mtu anajifunza haraka. Mapafu yanaweza kukaa kimya miaka ishirini ndipo yadai chao.

Tuanze na ule moshi wenyewe. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1538, na pale penye cheche za umeme joto hupita hapo kwa mbali, kiasi kwamba sehemu ya chuma inageuka mvuke. Mvuke ukikutana na hewa ya kawaida unaganda kuwa chembe, nyingi zikiwa ndogo kuliko mikromita moja. Pua haiwezi kuzikamata. Kama bomba limepakwa zinki ni balaa zaidi, maana zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, yaani chuma hakijayeyuka bado yenyewe imeshakuwa hewani. Ndiyo inayoleta ile homa ya jioni yenye kutetemeka, ambayo mafundi wengi huitibu kwa maziwa. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi umeshaingia kifuani. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza: vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu.

Watu walijuaje kujikinga? Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyefariki mwaka 79, alitaja wafanyakazi wa madini ya zebaki waliofunika nyuso kwa vibofu vya wanyama. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Mjerumani Georgius Agricola kuhusu migodi. Humo anaeleza habari za wanawake wa milima ya Carpathia walioolewa na waume saba, wote wakamalizwa na vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, John Tyndall huko London aliwatengenezea wazima moto barakoa yenye pamba, gliserini na mkaa.

Ukiangalia vizuri, vifaa vyote hivyo vina kasoro moja: mapafu ndiyo yanayovuta. Ukivuta pumzi, msukumo wa hewa ndani ya barakoa unapungua kuliko wa nje. Basi penye upenyo wowote, shavuni au kwenye ndevu, moshi unapita hapohapo bila kugusa chujio. Na chujio likiwa zito zaidi, ndivyo hewa inavyopendelea kupita kwenye upenyo.

Dawa yake ilishaonekana zamani. Mwaka 1823 Mwingereza Charles Deane alisajili kofia ya kuingilia kwenye moshi: helmeti yenye mpira mrefu, na mtu wa nje akisukuma hewa kwa mivukuto, kama ile ya mhunzi. Hewa ikisukumwa kuingia, kwenye upenyo itatoka badala ya kuingia! Kofia hiyo ndiyo iliyozaa helmeti ya wapiga mbizi. Katika miaka ya 1970, Uingereza hiyohiyo, wachimbaji wa makaa walipata helmeti yenye feni ndogo na betri: hewa inapita kwenye chujio, kisha inashuka usoni. Mivukuto ikawa imehamia kichwani.

Usidhani ujuzi ndio uliokosekana miaka yote hiyo. Mwaka 1930 na 1931, huko West Virginia, Marekani, handaki la Hawks Nest lilichimbwa kwenye mwamba uliojaa silika. Wachimbaji, wengi wao Weusi, hawakupewa barakoa. Mamia walikufa. Barakoa zilikuwepo tayari, na serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kuzipima na kuziidhinisha tangu miaka kumi nyuma.

Sasa tuseme unachagua kofia ya feni leo. Kwanza uliza namba ya kinga. Kwa kanuni za Marekani barakoa ya nusu uso hupewa 10, maana yake uchafu wa ndani usizidi sehemu moja ya kumi ya ule wa nje, na hiyo ni kama imebana sawasawa na ndevu zimenyolewa. Kofia ya feni isiyobana hupewa 25, na hufika 1000 kama mtengenezaji ana vipimo vya kuthibitisha. Pili, uliza bei ya machujio na betri, si ya kofia peke yake. Feni isiyo na betri inakurudisha enzi za Agricola.

Tatu, na hili linaua: kofia ya feni inachuja hewa iliyopo, haitengenezi oksijeni. Ndani ya tangi ambako gesi ya kuchomelea imeisukuma oksijeni nje, utapuliziwa usoni hewa safi isiyo na uhai. Huko inatakiwa hewa inayoletwa kwa mpira kutoka nje, kama alivyofanya Deane.

Na kama bei imekushinda? Kwangua zinki kabla ya kuchomelea, huku umejikinga na vumbi lake. Toa kazi nje, simama upande upepo unakotoka, usiinamishe kichwa juu ya moshi. Hayo hayatoshi peke yake, lakini yanapunguza moshi kabla haujafika puani, na yanaweza kuanza leo.