Huruma na Utaratibu

Yatupasa kuwakumbusha wanachama wetu kwamba kazi ya vyama vya msaada ina historia ndefu, na kwamba waliotutangulia walijifunza kwa taabu mambo ambayo sisi twayaona kuwa desturi tu.

Mwezi wa Agosti 1617, katika mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa, Padre Vincent de Paul alipata habari kwamba jamaa moja walikuwa wagonjwa nyumba nzima, wala hawana wa kuwauguza. Katika mahubiri akawasihi waumini wawasaidie. Alasiri alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa wanawake, hawa wakienda, hawa wakirudi. Chakula kililetwa kingi mno. Kingeharibika, na wagonjwa wangerudi katika njaa yao. Padre akatambua kuwa huruma ilikuwapo, ila haikuwa na utaratibu. Ndipo akaanzisha chama cha wanawake, wakapokezana zamu za kupika na kuuguza.

Mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, alianzisha shirika la Mabinti wa Upendo. Mjini Paris, watoto wachanga waliotupwa walikuwa wakiwekwa katika nyumba moja, na wengi wakifa humo. Mwaka 1638 wanachama walianza kwa kuwatwaa watoto 12 tu, kwa kura, maana fedha hazikutosha. Uchaguzi huo uliwachoma moyo. Mwaka 1640 wakaazimia kuwapokea wote.

Wakati huo vita viliteketeza nchi ya Lorraine. Tangu mwaka 1639 Bruda Mathieu Regnard alisafiri huko zaidi ya mara 50, amevaa matambara kama maskini, akipitisha fedha za msaada katikati ya askari na wanyang'anyi. Katika miaka ya 1650, vita vilipoharibu Picardie na Champagne, barua za watendaji zilichapishwa Paris, ili watoaji wajue hali ya watu na matumizi ya sadaka zao.

Mwaka 1833 Frédéric Ozanam na wenzake walianzisha chama chenye jina la Mtakatifu Vincent, nacho kimo hata katika parokia za Kenya.

Basi mwanachama aonaye zamu, stakabadhi na ripoti kuwa ni usumbufu, na awakumbuke wale watoto waliobaki baada ya kura kupigwa. Shilingi iliyopotea kwetu ni mtoto mmoja asiyepokelewa.