Mahari Si Bei: Habari ya Nguo Tuliyoikuta Kilwa Masoko Kabla ya Kuvuka Kisiwani



Msimu wa harusi ukikaribia, tukishaulizwa "nguo itakuwa tayari lini?" suali linalofuata ni "fungate twende wapi?" Wengi tunaowashonea wamekulia Unguja na Pemba, kwa hivyo bahari na mchanga mweupe si jambo geni kwao. Wanataka mahali patulivu, penye misikiti na chakula cha halali, na penye kitu cha kukumbuka. Jibu letu ni Kilwa. Lakini tunaongeza sharti moja: msishuke kwenye basi Kilwa Masoko mkakimbilia mashua. Laleni Masoko japo siku moja, mjue habari ya upande wa bara kwanza. Habari yenyewe ni ya nguo, na kila bibi harusi ana lake la kuchukua humo.

Kilwa ziko tatu, na wageni huzichanganya. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale, ule mji wa masultani wenye magofu. Kilwa Kivinje iko bara, upande wa kaskazini, nayo ilishamiri karne ya 19. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, yenye soko, maofisi, nyumba za wageni na gati. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 kuelekea kusini, na njiani mnapita Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa pantoni. Ukisimama gatini Masoko, Kisiwani unakiona kwa macho. Maji yaliyo katikati si mapana, na mashua ya injini huyamaliza kwa muda mfupi tu.

Maji hayo ndiyo yenye kisa.

Inasimuliwa kwamba mgeni kutoka Shirazi alifika na majahazi yake, akakipenda kisiwa na akataka kukinunua. Mwenye kisiwa akamwambia: nitakuuzia ukikizungusha nguo pande zote. Mgeni akatandaza nguo kuzunguka kisiwa, mwenyeji akazichukua, akavuka kwenda bara. Kisa hiki kimo katika tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu. Mreno João de Barros naye alikitia katika kitabu chake mwaka 1552. Kipo pia katika masimulizi ya Kiswahili ya watu wa Kilwa wenyewe. Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema watu walikuwa wanaishi pale tangu kabla ya nasaba ya Kishirazi, kwa hiyo kisa tukichukue kama kisa. Hata hivyo wazee hawahifadhi kitu kwa mamia ya miaka bila sababu.

Sisi mafundi wa cherehani tulikifanyia hesabu. Jora moja la nguo la zamani lilikuwa na yadi 30. Kilomita moja tu ya ufukwe ingekula jora 36 na kitu. Sasa zungusha kisiwa kizima, na mikoko yake na vihori vyake! Hiyo ni shehena ya kujaza majahazi, na ndicho kisa kinachotaka tukielewe: nguo ilikuwa mali, na mwenye nguo alikuwa na nguvu.

Masimulizi ya Kiswahili yanaongeza jambo ambalo tarikhi ya Kiarabu haikulitilia maanani. Yanasema mzee wa kisiwa aliitwa Mrimba, na mgeni, Ali bin Selimani, alianza kwa kumuoa binti yake. Kisha ni kupitia kwa mke huyo ndipo maneno ya kutaka kisiwa yalipofika kwa baba. Tazameni basi alipokaa huyo binti. Mume upande mmoja, baba upande wa pili, na mji mzima ukaja kusimama juu ya maneno aliyoyapeleka. Baba alipata nguo za kuzunguka kisiwa. Mgeni alipata kisiwa. Binti alipata nini? Simulizi tuliyoisikia inamwita binti Mrimba, na mahari yake haitaji.

Shikeni hapo, tutarudi.

Mji uliokuja baadaye ulikuwa mkubwa. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa, na masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe. Nguo nzuri zililetwa kutoka Gujarati, lakini nyingine zilifumwa pale pale. Katika kuchimba magofu vimepatikana vigurudumu vidogo vilivyotobolewa katikati, vingine vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Sisi hatuna kumbukumbu nzuri zaidi ya mafundi wa Kilwa kuliko hiyo.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika. Aliusifu mji na dini ya watu wake, na akamsifu zaidi sultani, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani, akamuomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa fakiri zile zake. Watu wakamshukuru Mungu kwa unyenyekevu ule.

Hapo ndipo wengi huishia wakikihadithia. Kisa kinaendelea. Mtoto wa sultani alizitaka zile nguo, akazichukua kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolipokea jambo lile, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mavazi ya mwili mmoja kwa watu kumi. Ibn Battuta aliyaandika kama sifa, na kwa zama zake yalikuwa sifa. Sisi tunaoyasoma leo lazima tuulize wale kumi walikuwa akina nani, na wangapi kati yao walikuwa wanawake.

Ndiyo maana tunasema msiipite Masoko mbio. Ukivuka moja kwa moja utaona Msikiti Mkuu na makuba yake, utaona Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane, utaona Gereza karibu na maji. Ni magofu yanayostahili kuonekana, na tangu mwaka 1981 yamo pamoja na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini mwisho wa habari ya nguo hauko kisiwani. Uko bara, Kivinje, safari fupi ya gari kutoka Masoko.

Wareno waliuteka mji wa Kisiwani mwaka 1505, wakaondoka mwaka 1512, na utajiri wa zamani haukurudi kama ulivyokuwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, piastri 20 kwa kila kichwa. Karne iliyofuata biashara ikahamia Kivinje. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, na miaka ya 1860 Kilwa ndiyo bandari ya bara iliyopeleka Unguja watumwa wengi kuliko nyingine yoyote.

Misafara ile ilipokwenda bara ilibeba nini? Ilibeba nguo. Merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa Marekani, na kaniki nyeusi ya Kihindi. Nguo ilikuwa ndiyo pesa ya njiani. Ilinunua chakula, ilinunua pembe, na ilinunua watu. Kitu kile kile kinachosimuliwa kuwa kilinunua kisiwa kwa ridhaa, sasa kilimnunua binti wa mtu bila kuulizwa.

Sultan Barghash aliafiki mwaka 1873 kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Mwaka 1897 amri ikatoka Unguja ya kuondoa utumwa katika sheria. Lakini amri ile haikuwahusu masuria. Wao walisubiri mpaka mwaka 1909, miaka 12 zaidi.

Dada zetu, hili ni letu. Suria ni mwanamke aliyeingia nyumbani bila nikaha na bila mahari. Fikihi ilimpa hifadhi fulani: mwanawe kwa bwana wake alizaliwa huru, naye akishazaa hakuuzwa tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Watoto wengi wa Seyyid Said wenyewe walizaliwa na masuria. Wengi wetu visiwani, tukipanda ngazi za ukoo kwa bibi wa bibi, tutamkuta mmoja. Tunataja upande wa Hadhramaut na Omani kwa sauti kubwa, na upande wa Kilwa tunaumeza. Huyo bibi alitolewa bei. Hakutolewa mahari.

Sasa turudi kwa binti Mrimba na kwenu mnaojiandaa. Qur'ani tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 4, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa ridhaa, na wao wenyewe ndio wenye haki ya kusamehe chochote katika hayo. Aliyetajwa hapo ni mke. Baba hakutajwa, wala mjomba, wala kamati ya harusi. Bei hupewa anayetoa kitu na kukiachia. Mahari hupewa yule anayeingia katika nikaha kwa hiari yake, nayo huwa mali yake peke yake. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenga bi harusi na yule aliyeshushwa jahazini.

Tunasema hivi kwa sababu tunayasikia maneno mtu akija kupimwa nguo. "Wamemnunua ghali." "Kwa pesa hiyo atanyamaza." Tunasikia pia mahari iliyoishia kununua viti na maturubai, na mwenyewe hakuishika hata siku moja. Wanaosema hivyo huenda wanafanya mzaha, lakini kwa watu wa visiwa hivi mzaha wa kununuliwa una makaburi nyuma yake. Bi harusi, jua mahari yako ni kiasi gani, ipokee mkononi mwako, na ukitaka kuchangia sherehe iwe ni uamuzi wako.

Hata nguo unayojitanda ina historia hiyo. Zamani kaniki na merikani zilikuwa mavazi ya watumwa na masikini. Utumwa ulipokuwa unakwisha, wanawake wa pwani waliokuwa huru sasa waliziacha, wakavaa kanga za rangi wakapendeza. Walijichagulia wenyewe cha kuvaa, na kwao halikuwa jambo dogo. Ukivishwa kisutu siku ya harusi, chekundu na cheusi na cheupe, kumbuka waliotangulia kuchagua.

Kwa mnaokwenda, huu ndio mpango tunaoupendekeza. Siku ya kwanza fikeni Masoko, mpumzike, mkate kibali cha kutembelea magofu, maana hukatwa upande huu wa bara na si kisiwani, na mwombe mwongozaji. Siku ya pili nendeni Kivinje asubuhi. Tembeeni polepole kwenye nyumba za zamani zinazobomoka, na kabla ya kuondoka waombeeni dua wote waliopitishwa pale, mliowajua nasaba zao na msiowajua. Siku ya tatu ndiyo mvuke. Ulizeni saa za kujaa maji, kwani maji yakitoka mtatembea kwenye tope. Vaeni viatu vya kukanyagika na baibui jepesi lisiloburura, na mbebe maji ya kunywa. Kisiwani wanaishi watu, kuna kina mama na watoto wa skuli, kwa hiyo toeni salamu, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ndani ya misikiti ya kale, hata isiyo na paa, kaeni kwa adabu ya msikitini.

Mkishaingia chomboni, someni dua ya safari. Kisha bwana na bibi harusi mwangalie yale maji, na bwana amuulize mkewe swali moja ambalo hatukusikia binti Mrimba akiulizwa: wewe unataka nini?

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye mapenzi na rehema, na awarehemu bibi zetu waliovuka maji hayo bila kuulizwa. Amin.